Mzigo Uliotangulia

Mtu mgeni akifika kwenye ghala lile la chakula cha ruzuku akaambiwa, "Ngoja hapo, Mama Panga anakuja," kama ana akili zake timamu huangalia kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Jina linatisha. Anategemea litokee jitu la miraba minne, jicho jekundu, chuma kiunoni. Kinachotokea ni mama mmoja mfupi, ovaroli ya buluu imekunjwa mikono, kalamu imechomekwa kwenye nywele, mdomo unatafuna karanga. Panga lenyewe ndilo hilo, mdomo. Kutwa anapiga kelele katikati ya magunia: "Panga! Panga vizuri! Panga kama mtu aliyelelewa!" Wapagazi wakachoka kulisikia neno, wakampa mwenyewe alibebe. Akalipokea kama wengine wanavyopokea nishani.

Na alistahili, tuseme ukweli. Watu wengi huringa kwa vitu walivyopewa: sura, urithi, mume mrefu. Yeye aliringa kwa kazi, na maringo ya namna hiyo husameheka hata yakizidi. Yake yalizidi.

Kipaji hicho hakukipata shuleni. Shule alikwenda nayo mpaka pale ilipoanza kudai viatu, wakaachana kwa amani. Alikipata sakafuni. Kwao watoto walikuwa wengi na chumba kilikuwa kimoja, na kulala kulikuwa vita: anayekwenda chooni anamkanyaga anayeota, anayetoka alfajiri kuchota maji anaruka miili ya wenzake kama yuko mashindanoni. Binti huyu alizaliwa wa katikati, na wa katikati ndiye hukanyagwa pande zote. Jioni moja akasimama mlangoni akawapanga nduguze kwa kidole. Wenye kibofu chepesi hapa mlangoni. Wachota maji wafuate. Wavivu wote ukutani. Na wewe unayerusha mateke, lala ubavuni kwa baba ujifunze adabu. Tangu hapo nyumba ile ikalala usingizi wa watu. Mama yake akatabiri, "Huyu ataolewa na mwenye nyumba kubwa." Hakukosea sana. Aliolewa na mwenye lori kubwa, isipokuwa lori lenyewe halikuwa la bwana, alikuwa analiendesha tu.

Kwenye ghala aliingia na ufagio, kuzoa nafaka zilizomwagika. Hakumaliza mwezi kabla hajaanza kuwafundisha watu kazi zao. Aliona unga mpya ukija unarundikwa mbele, karibu na mlango, na wanaokuja kuchukua wanachukua huo huo wa mbele kwa sababu ndio ulio karibu na mkono. Wa zamani uko nyuma gizani, unalisha fukusi. "Hapa mgeni anakula na mwenyeji anaoza!" akatangaza, kwa sauti ya kufika ofisini. Meneja wa wakati ule hakupenda. Aliyemfuata akapenda, akakubali mlango wa nyuma uliokuwa umezibwa kwa mbao ufunguliwe: mzigo uingie huku, utokee kule, kama chakula mwilini, alivyoeleza Mama Panga mbele ya wageni wa heshima, tena kwa mifano mingine ambayo hapa tunaistiri. Fukusi wakahama. Alipopewa cheo cha msimamizi wa upakiaji, watu walisubiri ashangae. Alishangaa kimechelewa.

Ghala lile lilihudumia maduka manne ya ruzuku. Kulikuwa na la Stendi, la Kiwandani, la Darajani, na Duka la Juu, ambalo liliitwa hivyo kwa sababu lilikuwa juu kweli, mwisho wa barabara ya mawe na makona. Watu wa huko, wengi wao wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, walinunua pale unga, maharage na mafuta ya kupikia kwa bei ambayo mfuko wa maskini unaikubali bila kulia. Ukiacha duka lile, kulikuwa na mfanyabiashara mmoja tu huko huko mlimani, na bei zake zilikuwa na mlima wake mwenyewe.

Basi asubuhi moja meneja akamwita Mama Panga ofisini. Meneja huyu alikuwa kijana msomi, mwenye miwani na sauti ya taratibu, anayewasalimia wafagizi kabla ya wakubwa. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na ndiyo maana habari mbaya zilimchosha.

"Mama Panga, karibu kiti."

"Nikisimama nasikia vizuri zaidi, bosi."

"Duka la Juu linafungwa."

Akakaa.

"Si mimi," meneja akaharakisha. "Ni makao makuu. Lori la pili limekufa injini, tumebaki na moja. Na hilo moja likienda Juu linamaliza siku nzima, maduka mengine yanasubiri. Wanasema watu wa Juu washuke wachukulie Darajani."

"Watu wa Juu wana magoti ya kizee, bosi. Kushuka watashuka. Kupanda na mfuko wa unga kichwani watapanda na nini?"

"Naelewa, mama."

"Huelewi. Mama mkwe wangu yuko kule. Akishuka Darajani mara moja, kurudi atarudi kwenye mgongo wangu, na njia nzima atakuwa anausema."

Meneja akacheka bila kutaka. Mama Panga akaona mlango uko wazi kidogo, akatia mguu.

"Nipe safari moja. Lori hilo hilo moja lililobaki, maduka yote manne, na jua halijazama. Nikishindwa lifungeni, na cheo mchukue, nirudi kwenye ufagio wangu. Ufagio bado upo, nimeuficha mwenyewe."

"Maduka yote manne? Siku moja?"

"Jua halijazama."

"Sawa," meneja akasema baada ya kufikiri. "Safari ijayo. Na nitapanda lori mwenyewe nione."

"Panda, baba. Ukirudi utakuwa na la kuwasimulia watoto."

Alivyotoka pale, ungedhani ameshashinda. Ukweli ni kwamba mpango alikuwa nao kichwani siku nyingi, alikuwa anasubiri mtu amkasirishe vya kutosha. Wapagazi walikuwa wakilipakia lori kwa aina ya chakula: unga wote chini, maharage juu yake, katoni za mafuta juu kabisa. Lori lilipendeza kulitazama. Lakini likifika duka la kwanza, ili upate unga wa duka hilo lazima ushushe mafuta ya dunia nzima, halafu uyapakie tena, na duka la pili hivyo hivyo. Ni sawa na familia kuweka nguo zake sanduku moja, suruali zote chini na mashati yote juu: baba akitaka kutoka, nyumba nzima inavuliwa. Mama Panga alitaka kila duka liwe na chumba chake ndani ya bodi ya lori, unga wake, maharage yake na mafuta yake pamoja. Lori likifika, chumba kimoja kinatoka kizima na safari inaendelea.

Kilichobaki ni nani aanze, na hilo alilimaliza nyumbani na dereva. Dereva ndiye mumewe. Barabarani walimwita Kesho, kwa sababu hakuna shimo alilolipita bila kulisalimu kwanza, na mzigo wa leo ulifika kesho.

"Mlima hupandwa na lori jepesi, mama watoto," Kesho akasema, anavua viatu. "Tuanze na Stendi, Juu tumalizie."

"Na mchana ukungu ukishuka, mawe yakawa sabuni, utapanda na mbawa?"

"Asubuhi litakuwa na mzigo wote. Litalia."

"Lilie. Mtoto akilia anakua."

Kesho akacheka akashindwa hapo hapo. Alikuwa na tabia hiyo ya kushindwa akicheka, na ndiyo iliyoiweka ndoa ile miaka yote.

Siku ya siku ikafika. Magunia, mifuko na katoni vyote vilikuwa vimeshaandikwa kwa chaki jina la duka lake. Mama Panga akamwita mnyapara wa wapagazi, mzee mkavu, bingwa wa kamba na mafundo, rafiki wa mumewe tangu ujana na kwa hiyo shemeji yake.

"Shemeji, leo hatuchanganyi. Kila duka na chumba chake. La Juu ndilo linatangulia, linafuata Darajani, halafu Kiwandani. Stendi mwisho. Umenielewa?"

"La Juu litangulie."

"Ee."

"Hilo limeshatangulia, shemeji. Nenda kanywe chai."

Hakwenda kunywa chai, alikwenda kugombana na mtu wa mizani, kazi aliyoipenda kuliko chai. Aliporudi turubai lilikuwa limefunikwa na mafundo yamekaa sawasawa. Akalizunguka lori, akalipapasa ubavu kama mkunga anavyopapasa tumbo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hakufungua aangalie. Kufungua ni kwa watu wenye shaka.

Wakaondoka. Mnyapara na wapagazi wake wanne juu ya mzigo, na mbele watatu: Kesho kwenye usukani, Mama Panga dirishani, meneja katikati amekunja magoti mpaka kidevuni. Walipopita Stendi, watu waliokuwa wameanza kujikusanya mbele ya duka walisimama wakalipungia, wakijua mzigo wao huo. Lori likawapita. Msonyo uliopigwa pale ulisikika mpaka ndani ya kichwa cha lori.

"Mzigo utawafikia," akasema Mama Panga.

Mlimani lori lililia kama lilivyotabiriwa. Kesho aliliongoza kona kwa kona, gia ya kwanza, analibembeleza chinichini. Meneja alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mama Panga alikula karanga. Walifika Juu ukungu ukiwa bado umekaa mbali, na watu walikuwa wamepanga foleni kutoka mlango wa duka mpaka chini barabarani, na kichwani mwa foleni, fimbo mkononi, amesimama mama mkwe.

"Mmechelewa," akasema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmechelewa."

Mnyapara akafungua mafundo yake, turubai likavutwa. Mama Panga akashika mlango wa nyuma wa lori, akaushusha mwenyewe kwa madaha, kwa kuwa meneja alikuwa anatazama. Mfuko wa kwanza uliomkodolea macho uliandikwa STENDI. Wa pili STENDI. Akainama akachungulia kwa ndani: KIWANDANI. Akapanda juu ya mzigo, akatembea kwa magoti mpaka mwisho kabisa, ukutani nyuma ya kichwa cha lori. Huko chini, limelaliwa na maduka yote, ndiko lilikokuwa duka la Juu, limekaa kwa utulivu.

"Shemeji!"

"Naam."

"Hii ni nini?"

"Mzigo."

"Si nilikwambia Juu litangulie?"

"Na likatangulia. Nililiingiza lenyewe kwanza, kwa mikono yangu."

"Kutoka! Litangulie kutoka! Nani amekwambia kuingia?"

"Hukusema kutoka, shemeji." Mnyapara alikuwa mtu wa haki na hakupenda kuonewa mbele ya watu. "Ulisema litangulie. Kitu kikitangulia kinakwenda ndani kabisa. Hata marehemu tunasema ametangulia. Umewahi kumkuta mlangoni?"

Foleni yote ilicheka. Kesho alijificha nyuma ya gurudumu, lakini mabega yalimsaliti.

"Mwanangu," mama mkwe akauliza kutoka chini, "unga wetu uko wapi?"

"Upo, mama."

"Upo wapi?"

"Umetangulia."

Wakacheka tena, lakini Mama Panga alikuwa ameshaacha kusikia. Alikaa juu ya mifuko ya Stendi akahesabu balaa lake. Kushuka na kupanda tena mchana? Kesho alishatikisa kichwa: ukungu ukiingia hapandi, hata akipandishwa cheo. Kushusha lori zima pale? Wapagazi wanne, mzigo wa maduka manne, kushusha na kupakia upya. Jua lingeshalala, limeota na kuamka. Na watu wale waliokuwa wanacheka hawakujua kwamba wanachokicheka ni duka lao linafungwa.

Meneja akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe, "Mama, umejitahidi. Hakuna aibu."

"Aibu ipo, bosi. Ila haijafika kwangu, bado iko njiani."

Akasimama. Kutoka juu ya lori aliiona foleni yote: imenyooka, kutoka mlango wa duka mpaka kwenye gurudumu la lori, bega kwa bega, mikono mitupu. Kwa miaka yote alikuwa ameziona foleni na kuona watu wanaosubiri. Leo aliona kitu kingine, akashangaa kwamba hakukiona mapema, halafu akajisamehe mara moja maana alikuwa na kazi.

"Nyie wote hapo chini mnafanya nini?"

"Tunasubiri!" wakajibu.

"Mnasubiri nini?"

"Unga!"

"Unga uko chini ya unga wa wenzenu. Mtu asitoke kwenye foleni. Nyoosheni mikono, mfuko ukija mpe jirani. Mwenye mtoto mgongoni apokee katoni. Mwenye mgongo mbovu akae kivulini aangalie asije mtu akanunua kabla ya zamu. Shemeji, tandika turubai lako hapo uwanjani. Magunia ya maharage ni ya wapagazi, hayo msiguse."

Mtu mmoja, fundi cherehani mwenye futi shingoni, akauliza, "Na tukibeba tutapunguziwa bei?"

"Utapunguziwa kusubiri. Shika!"

Mfuko wa kwanza ukamfikia kifuani kabla hajapata jibu, akampa jirani ili auondoe, na jirani akampa jirani yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwanzoni ilikuwa vurugu, mfuko wa Kiwandani ukaenda kwenye rundo la Stendi na mzee mmoja akabaki amekumbatia katoni asijue aipeleke wapi. Hapo mama mkwe akajipa cheo. Akaenda akasimama katikati ya uwanja, akachora ardhini kwa fimbo visehemu vitatu, Stendi hapa, Kiwandani hapa, Darajani hapa, na kila mfuko uliopotea njia aliuchapa kwanza kabla ya kuuelekeza. "Wewe! Huo si wa huku! Panga vizuri, umelelewa wapi?"

Mama Panga alisikia, akageuka. Walitazamana juu ya vichwa vya watu. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa, mke alielewa kwa nini mumewe alimchagua yeye, na hakufurahi sana kuelewa.

Meneja alivua koti akaingia kwenye foleni kati ya fundi cherehani na mama mmoja mwenye mapacha. Miwani ilimteleza, akaipandisha kwa bega, akaendelea kupokea na kupitisha. Mzigo wa maduka matatu ukatoka, ukalala uwanjani marundo matatu. Wa Juu ukatoka ukapita mkono kwa mkono moja kwa moja mpaka ndani ya duka. Meneja akaangalia saa. Akaangalia tena, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Mama Panga! Lori likija hapa kwa kawaida linashusha mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watu wakasirike."

"Na kupanda mlima leo, na mzigo wote, hatukuchukua muda mrefu." Alikuwa anaongea huku mikono inapitisha mifuko. "Miezi yote naambiwa lori linakwama Juu, nikajua ni mlima. Makao makuu wakajua ni mlima. Kumbe si barabara. Siku inaliwa hapa uwanjani, watu wanne wanachimbua mzigo peke yao, na watu mia wanawatazama."

"Si ndiyo nilivyosema?"

"Hukusema, mama."

"Nilikuwa nakaribia."

Kupakia upya ilikuwa zamu ya mnyapara kujikomboa. Akapanda ndani ya bodi, akatema mate mikononi, akauliza kwa unyenyekevu, "Sasa shemeji, Stendi ndiyo inata..."

"Neno hilo ukilitoa tena nakufunga na kamba zako mwenyewe! Ndani, kati, mlangoni. Stendi ndani. Kiwandani kati. Darajani mlangoni. Rudia."

"Ndani, kati, mlangoni."

"Tena."

"Ndani, kati, mlangoni, shemeji, si mtoto mimi."

Foleni ikaurudisha mzigo mkono kwa mkono kama ilivyoutoa, na ukungu ulipoanza kutia pua kwenye kona ya kwanza, Kesho alikuwa ameshalishusha lori kwenye kona ya mwisho. Njia nzima Mama Panga alikuwa kwenye simu na muuzaji wa Darajani. "Wapange watu wako kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Hapana, wasikae. Nimesema wasimame na mikono yao." Darajani chumba kikatoka kizima, Kesho hakuzima hata injini. Kiwandani wafanyakazi walikuwa wanatoka kazini, watu waliozoea mikanda ya mashine. Walijipanga wenyewe kabla hawajaambiwa, wakaimba wimbo usiofaa kusikilizwa na watoto, na mzigo ukaisha kabla ya ubeti wa pili.

Ikabaki Stendi. Na jua, ambalo lilikuwa limeanza kuinama nyuma ya paa la gereji.

Watu wa Stendi walikuwa wamesimama mikono kifuani. Walikuwa wamelipungia lori asubuhi likawapita, na mtu wa mjini anaweza kusahau deni lakini si dharau. Mama Panga akaruka chini.

"Jipangeni, mzigo huu hapa! Mkono kwa mkono!"

Hakuna aliyesogea.

"Sisi tumekuja kununua," kijana mmoja kifua wazi akajibu. "Kubeba kuna watu wanalipwa."

"Wapagazi wangu wamechoka tangu asubuhi."

"Basi wapumzike. Sisi tumesubiri, nao wasubiri."

Jua likagusa bati. Meneja alisimama kando ya lori. Kwa makubaliano yao alikuwa hakimu, na hakimu hapigi makasia. Kesho akamtazama mkewe. Alimwona anavuta pumzi, akajisogeza nyuma kidogo kwa uzoefu.

"Sawa," akasema Mama Panga, kwa sauti nzuri, laini, ya kutia hofu. "Msibebe. Sikujua. Ningejua ningemleta mama mkwe wangu. Ana umri wa bibi zenu, anatembea na fimbo, na leo ameshusha lori hili lote, lenyewe likiwa limejaa. Wazee wa mlimani, meno hawana, wamebeba mifuko yenu hii mnayoiona, yenu nyie, wakairudisha humo ili mpate kula. Hakuna aliyeuliza analipwa na nani. Sasa wewe kifua wazi, hicho kifua ni cha nini? Ni cha kukaushia nguo?"

Watu wakaanza kucheka. Kijana akatafuta pa kuweka macho.

"Mimi sijakataa kubeba, mama."

"Aa, hukukataa. Ulikuwa unapasha misuli."

"Lete mfuko!" kijana akasema kwa hasira, na aliyekuwa nyuma yake, ambaye hakutaka kuonekana dhaifu kuliko yeye, akanyoosha mikono, na wa nyuma yake naye. Watu wa Stendi wana kiburi, na kiburi kikielekezwa vizuri kinabeba kuliko punda. Mifuko ilikwenda kasi mpaka muuzaji wa duka akawa anapiga kelele ndani kwamba wanamzika. Katoni ya mwisho ya mafuta ilipopita mlangoni, wote wakageuka kulitazama paa la gereji. Nusu ya jua ilikuwa bado juu ya bati, nyekundu, inasitasita.

"Nusu ni jua," Kesho akasema haraka.

Meneja akavua miwani akaifuta kwa shati, ambalo halikuwa safi kuliko miwani. "Nami naliona," akasema. "Duka la Juu linabaki. Asubuhi ikifika nawapigia makao makuu mwenyewe. Nitawaeleza kila duka na chumba chake, na foleni ndiyo ishushe. Hilo la foleni tutaliandika vizuri, ni wazo zuri tulilolipata."

"Tulilolipata?"

"Mama, na mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo, sikatai. Wazo ni langu, wewe ulikuwepo. Liandike hivyo."

Meneja akakubali kwa kuinua mikono yake miwili, iliyokuwa na malengelenge. Halafu akakumbuka jambo, kama kawaida ya watu makini.

"Sasa tutafute njia ya kuwapelekea habari watu wa Juu, wasije wakahangaika. Wajue mzigo wao utaendelea kuja."

"Wanajua, bosi."

"Wanajuaje?"

"Niliwaambia kule kule Juu asubuhi, wakati tunafunga turubai. Baada ya wiki mbili, siku kama ya leo, wajipange mapema na mikono mitupu."

Meneja akamtazama. "Mama Panga. Asubuhi tulikuwa tumechelewa vibaya. Hata mimi sikuwa nimeamua."

"Ndiyo maana nikawaambia ni wewe umesema. Wakakupigia makofi, hukuyasikia?"

Aliyasikia. Alidhani wanamshukuru kwa kubeba mifuko, hata akawapungia mkono kutoka dirishani. Akaivaa miwani yake taratibu, Kesho na mnyapara wakiwa wameshageukia upande mwingine ili wacheke kwa heshima.

"Basi," meneja akasema hatimaye, "nitakuwa nilisema."